Mzee Candi Rureke, mwimbaji wa Walikale aliyeimba siku 12

Walikale inatajwa leo ju ya kasiterite ya Bisie, barabara inayokatika kila mvua, na vita. Lakini katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya kuna jina lingine la Walikale ambalo wanafunzi wanalisoma tangu zaidi ya miaka 50. Ni jina la Candi Rureke, mzee wa Kinyanga, mwimbaji wa karisi. Kwa siku 12 mwaka wa 1956, katika kijiji kidogo cha Bese ndani ya pori, mzee huyu aliimba, alisimulia, alicheza na kuigiza habari ya Mwindo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kwa kawaida wanamtaja kama msimulizi. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Rureke alikuwa pia mwanamuziki, na muziki wake ni kati ya miziki ya ajabu zaidi iliyowahi kupigwa katika Kivu. Kuna watu wanaochoka na nyimbo zile zile za kila arusi, wanatafuta sauti ngeni, nzito, zenye giza ndani. Wanaenda mbali kuzitafuta: Mali, Ethiopia, hata kwa vijana wa Ulaya wanaopiga magitaa kama radi. Wachache wanafikiria kwamba kitu kama hicho kilikuwa kinapigwa usiku kati ya Masisi na mto Lowa, na radi yenyewe ni mmoja wa wahusika.

Rureke alipokutana na watu walioandika wimbo wake alikuwa mtu mzima, wa miaka 50 hivi. Ni kusema alizaliwa wakati wazungu walikuwa wanaanza tu kuingia katika pori la Walikale, na akakua chini ya serikali ya Wabelgiji. Alikua katika nchi ya watega mitego na ya mashamba ya ndizi, vijiji vidogo vidogo vyenye nyumba chache, milima na mito katikati yake. Banyanga hawakuwa wengi: katika miaka ya 1950 walikuwa watu elfu 27 hivi. Lugha yao iko karibu na Kihunde, na kati ya Walikale na Masisi watu walioana na kubadilishana vitu tangu zamani. Batwa wa pori nao walikuwa na kazi kubwa katika mambo ya mwami, na katika habari za Mwindo wanaonekana mara kwa mara, kama wawindaji wa chifu.

Katika nchi hiyo, kila mtu mzima alijua hadithi. Hadithi za sungura na kobe, mafumbo, mezali, nyimbo za kazi, hizo zilikuwa za wote. Karisi ilikuwa kitu kingine. Waliojua karisi walikuwa wachache sana, na karisi nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, wachache zaidi. Mwenye kuijua aliitwa she-karisi. Msomaji wa Masisi ao Walikale atasikia mara moja maana ya hiyo she: ni baba, mwenyewe wa kitu. Na Karisi si jina la wimbo tu. Kwa Banyanga ni mzimu pia, mzimu wa kiume, unaotaka wimbo wake uimbwe. Mtu aliamini kwamba kuimba karisi kunamkinga na magonjwa na kifo. Kwa hiyo Rureke hakuimba ju ya kufurahisha watu tu. Aliimba pia ju ya usalama wake mwenyewe, na hilo linabadilisha namna mtu anavyotoa sauti.

Hakukuwa na shule ya karisi. Kijana aliingia kama msaidizi. Alikaa pembeni ya mwimbaji mkubwa, mara nyingi ndugu ao mkwe wa jamaa, akapiga mti, akaitikia, akarudilia maneno, mwaka kwa mwaka, mpaka siku moja alijikuta anaweza kushika sehemu moja, halafu mbili. Rureke alipita njia hiyo. Yeye alikuwa tunda la mnyororo: mwimbaji aliyemfundisha alikuwa amefundishwa na mwingine mbele yake.

Ili kuelewa alichokuwa anafanya, inafaa kuweka picha ya usiku. Mkubwa wa kijiji ao mzee wa jamaa amemualika. Watu wamekula, kuna kasiksi, moto uko katikati. Wanaume, wanawake na watoto wote wako pale, hakuna anayefukuzwa. Chini, juu ya udongo, wamelaza mti mkavu. Haugusi udongo, unakaa juu ya vijiti vidogo ili uweze kulia. Vijana watatu wamechuchumaa nyuma yake, kila mmoja na vifimbo viwili. Hicho njo chombo kikubwa cha karisi. Si ngoma, si gitaa, si likembe. Ni mti tu, na sauti yake ni kavu, ya juu kidogo, isiyokuwa na mwangwi, inaenda mbio na haisimami. Mtu anayeisikia mara ya kwanza anaweza kufikiri kuna watu wanapasua kuni kwa kipimo.

Juu ya sauti hiyo anaingia she-karisi. Ana njuga ndogo mwilini, mkononi ana kibuyu chenye mbegu ndani, na usinga, ni kusema kifimbo chenye mkia wa mbogo. Usinga huo unaitwa conga, na njo silaha ya Mwindo mwenyewe katika hadithi. Kwa hiyo mwimbaji akiinua mkono, watu hawaoni tena Rureke, wanaona Mwindo. Anasimulia haraka, karibu bila kupumua, na mmoja wa vijana anamrudilia ao anamtia moyo. Halafu ghafla anakata masimulizi na kuingia katika wimbo, wote wanaitikia, naye anacheza, anaigiza, anatembea kama mzee, kama mnyama, kama mtoto. Wakati mwingine wimbo unahusu hadithi. Wakati mwingine hauhusu hata kidogo: mwimbaji anasalimia watu, anawaza maisha yake, anaomba zawadi. Watu wanatoa shanga, pesa, chakula, ao butea, zile pete za nyuzi ambazo Banyanga walizitumia kama pesa. Kisha anarudi katika hadithi pale pale alipoiacha.

Mzungu aliyekuja Bese aliitwa Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyezaliwa 1925. Alikuwa mtafiti wa IRSAC, ile taasisi ya utafiti ambayo nyumba zake kubwa bado ziko Lwiro, upande wa Kabare. Alikuwa amefanya kazi pia kwa Barega, na kati ya 1954 na 1956 alifanya kazi kwa Banyanga. Alikuwa tayari amekusanya hadithi nyingi sana, na vipande vya karisi hapa na pale. Shida ilikuwa hiyo: vipande. Usiku mmoja sehemu hii, usiku mwingine ile. Desturi yenyewe ilikuwa hivyo. Hakuna aliyekaa kuimba karisi nzima kwa mfululizo, ju hakuna aliyekuwa na sababu ya kufanya hivyo. Watu waliijua. Walitaka kipande wanachokipenda, kama vile leo mtu anaomba wimbo mmoja tu redioni.

Rureke alikubali kufanya kile ambacho wengine hawakufanya. Aliipanga yote, tangu Shemwindo anaoa mpaka Mwindo anarudi kutoka mbinguni, na akaanza.

Kwa siku 12 Biebuyck na waandishi wake Banyanga waliandika kwa mkono, neno kwa neno, katika Kinyanga. Ni kazi ya kuvunja vidole. Kwa mwimbaji ilikuwa mbaya zaidi. Mtu aliyezoea kuimba saa chache za usiku sasa anaimba siku baada ya siku, mti unapigwa, kijiji kizima kimejaa kuangalia, wanapiga kelele za furaha, wanatoa zawadi, na sauti yake inaanza kukauka. Rureke aliendelea mpaka akamaliza.

Alichokiimba si hadithi ya kubembeleza watoto. Shemwindo, chifu wa Tubondo, anaoa wanawake saba na anaamuru kwamba hakuna hata mmoja atakayezaa mtoto mwanaume. Anataka mabinti tu. Sita wanazaa mabinti siku moja. Wa saba anachelewa, na mambo ya ajabu yanatokea nyumbani kwake: kuni zinakuja zenyewe, maji yanakuja yenyewe. Mtoto anachagua mwenyewe mlango wa kutokea, anatoka kupitia kidole cha kati cha mama yake. Anazaliwa anatembea, anasema, anacheka, usinga mkononi. Baba anamrushia mikuki. Hafi. Anazikwa. Hafi. Mwisho baba anaamuru mtoto afungwe ndani ya ngoma, ngoma izibwe kwa ngozi, itupwe majini.

Hapa msikilizaji wa miziki ya giza anapaswa kusimama kidogo. Mtoto yuko ndani ya ngoma, chini kuna maji, na anaimba. She-karisi anaimba kama mtu aliyefungiwa ndani ya chombo cha muziki. Ngoma, ambayo kwa watu wa Kivu ni kitu cha mwami, cha heshima na furaha, imegeuzwa kuwa jeneza, na jeneza linaimba likielekea kwa shangazi Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka wa majini. Ni vigumu kupata katika muziki wowote wa leo picha yenye kutisha na yenye nguvu kama hiyo.

Halafu inazidi. Mwindo anarudi kulipa kisasi, wajomba wake popo, ambao ni wahunzi, wanamfua mwili kwa chuma, na Nkuba, radi, anashuka kuteketeza Tubondo. Shemwindo anang'oa mmea wa kikoka na kuingia chini ya udongo kwa njia ya mzizi wake. Mtoto anamfuata kule kuzimu, kwa Muisa. Anamuachia shangazi kamba ashike: kamba ikitikisika, yuko mzima, ikitulia, amekufa. Mara moja kamba inatulia. Kwa Banyanga, Muisa, Nkuba na Nyamurairi wa moto hawakuwa majina ya kitabuni. Walikaa ndani ya mashimo ya volkano, milima ile ile ambayo mtu wa Masisi anaiona usiku ikiwa nyekundu angani. Watu waliokaa kuzunguka moto wa Bese walijua fasi hizo ziko upande gani.

Wengine wangemalizia hapo ambapo Mwindo anamrudisha baba yake, wanapatana, nchi inagawanywa na mtoto anakuwa chifu. Rureke hakumalizia hapo, na pengine hilo njo jambo kubwa kuliko yote katika kazi yake. Mwindo wake ana kiburi. Anajisifu mno. Anatamani nyama, anatuma Batwa wake kuwinda, joka Kirimu, lenye vichwa saba, linawameza watatu, naye anaenda kuliua, linapikwa na kuliwa. Lakini joka lilikuwa rafiki wa Nkuba. Radi inashuka, inamchukua shujaa, inampeleka juu kwa mwaka mzima. Mvua inampiga, Mwezi, Jua na Nyota wanamtesa kwa baridi na moto. Yeye aliyeshinda mikuki na kaburi hana la kufanya. Anarudishwa Tubondo akiwa amekatazwa kuua tena mnyama, na anatoa sheria za kuishi vizuri kwa watu wake.

Fikiria jambo hilo linaimbwa mbele ya watega mitego, mwaka wa 1956, mbele ya machifu na mbele ya mzungu. Nguvu inasifiwa kwa siku nyingi, halafu mwimbaji yule yule anaivunja mbele ya wote. Biebuyck alipata baadaye masimulizi mengine ya Mwindo kutoka kwa wasimulizi wengine, na yanatofautiana sana: Mwindo mpole zaidi, safari nyingine, mwisho mwingine. Haya ya Rureke njo yaliyo na giza zaidi, na njo yaliyoshika watu.

Karatasi zile zilikaa miaka 13 mbele ya kuwa kitabu. Biebuyck alikwenda kufundisha Marekani, na kazi ya lugha aliifanya pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha, mwenyewe Mnyanga. Bila mtoto huyo wa nchi, Kinyanga cha Rureke kisingesomeka vile kinavyosomeka. Mwaka 1969 kitabu kilitoka katika chuo kikuu cha California, Kinyanga na Kiingereza pamoja, na jina la Rureke ndani yake. Hilo lilikuwa jambo la haki, ju vitabu vingi vya wakati ule vilisema tu kwamba hadithi ni ya kabila fulani, kama vile kabila zima lina mdomo mmoja. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye masimulizi mengine ya Mwindo. Yeye alifariki mwaka 2019, mzee wa miaka 94. Rureke alikuwa ameondoka zamani.

Kilichoingia kwenye kitabu ni maneno. Mti mkavu haukuingia, njuga hazikuingia, wala sauti iliyokauka siku ya kumi na mbili. Penye wimbo, msomaji anaona mistari mifupi na anaambiwa kwamba hapa watu wanaitikia. Kuna ulinganisho mmoja unaouma kidogo. Jirani kule Ituri, Wambuti waliimba mbele ya mashine ya Colin Turnbull, Mwingereza, katika miaka ile ile ya 1950. Wimbo mmoja wa mabinti wao uliwekwa katika sahani ya dhahabu ambayo Wamarekani waliituma angani mwaka 1977 ndani ya vyombo vya Voyager, na mpaka leo unaendelea kwenda kati ya nyota. Mwindo aliyeishi kwa Jua na Mwezi yeye alibaki kwenye karatasi.

Njo maana wale wanaomsoma Rureke mbali na Walikale wanamsoma kama mwandishi wa riwaya. Wanabishana juu ya maana ya baba na mtoto, juu ya kiburi na utawala. Ni mazungumzo mazuri, lakini Mzee Rureke hakuandika kitu. Alitoa jasho.

Katika Walikale na Masisi mambo ni kinyume: masikio yako, kitabu hakiko. Vijana wengi wanasikia jina la Mwindo bila kujua lilitoka Bese. Na namna karisi inavyopita kutoka mtu hadi mtu ni dhaifu sana mbele ya vita. Inahitaji mzee mmoja na vijana watatu wanaokaa fasi moja kwa miaka. Kijiji kikikimbia, mzee anaenda kwa jamaa, mmoja wa vijana anaenda kwenye machimbo, mwingine Goma, mwingine haijulikani. Kila mmoja anabeba kipande. Mti hauna mpigaji. Hakuna aliyekataza karisi, na bado inaweza kunyamaza hivyo hivyo. Misheni nazo zilikuwa zimefanya sehemu yao zamani, ju muziki wenye mzimu ndani yake haukupendwa kanisani. Hata hivyo nyimbo fupi zilizotoka ndani ya hadithi, viitikio na vipande vya Mwindo, vina uhai mrefu kuliko hadithi nzima. Vinakaa katika vichwa vya akina mama, ambao walikuwa pale usiku, wakiitikia.

Mwenye kutaka kusikia kitu cha namna hiyo asitegemee muziki wa kucheza. Asingojee gitaa liingie. Masikio yakae kwenye mti kwanza, mpaka ule mlio mkavu uache kuonekana kama kelele. Hiyo inachukua muda, dakika kumi ao zaidi. Halafu aangalie pale mwimbaji anapokata masimulizi ghafla na kuanza wimbo, ju pale njo sauti inapobadilika kuwa ya mwingine. Na isikilizwe usiku. Mchana, karisi inaonekana kama mzee anayesema haraka mno.

Kumuomba mzee karisi nzima ni kumtwika mzigo ambao hata zamani haukubebwa mara moja. Rureke peke yake aliubeba, na ulimmaliza sauti. Afadhali kuomba kipande. Mtoto ndani ya ngoma, kwa mfano. Wazee wa Kinyanga wakiulizwa juu ya ngoma ile mara nyingi wanaanza kwa kutafuta kwanza kitu cha kupiga: ukuni, mguu wa kiti, kipande cha ubao kilicholazwa juu ya mawe mawili.